Dawa ya Miti na Ushahidi Wake

Askari aliyekwenda mwendo mrefu na mzigo mgongoni anajua maumivu ya goti na kifundo kilichovimba. Kambini hakosekani mwenzake anayejua mzizi wa kuchemsha. Mzizi huo usidharauliwe, kwa kuwa dawa kubwa kadhaa zimetoka porini. Mofini ilitolewa katika afyuni mwanzoni mwa karne ya 19, na aspirini, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1897, ina asili yake katika elimu ya gome la mwerebi, mti wa Ulaya.

Hata hivyo, kila askari polisi anajua kwamba tuhuma si ushahidi. Mtu akipata nafuu baada ya kunywa dawa, haijathibitika kuwa ni dawa iliyomponya, maana uvimbe mwingi hupungua wenyewe kwa kupumzika. Ndiyo maana wataalamu huuhoji mmea kama shahidi anavyohojiwa.

Kwanza mmea hukaushwa, husagwa na kuloweshwa katika maji au spiriti ili kutoa kiini chake. Kisha panya hugawanywa katika makundi: moja hupewa kiini hicho, la pili dawa inayojulikana, na la tatu maji matupu. Kupima maumivu, panya huwekwa kwa muda mfupi juu ya bamba lenye joto la nyuzi 55 hivi, na sekunde huhesabiwa mpaka arambe unyayo au aruke. Kupima uvimbe, unyayo hudungwa karajinani, kitu kitolewacho katika mwani, kisha unene wake hupimwa kwa saa kadhaa. Njia hii ilitangazwa mwaka 1962 na ingali inatumika. Kundi la mmea lisipopata nafuu kuliko kundi la maji, madai hayo yamekosa ushahidi.

Mfano mzuri umo katika Kalahari, kwenye nchi za Namibia, Botswana na Afrika Kusini. Huko huota mmea uitwao na wataalamu Harpagophytum procumbens, wenye matunda ya ndoano kali hata Wazungu wakauita ukucha wa shetani. Wasan wametumia mzizi wake kwa maumivu tangu zamani. Mwaka 1983 jarida la madaktari wa Kanada lilitangaza kwamba panya waliopewa mmea huo kwa kinywa hawakupungukiwa na uvimbe. Mwaka 1992 watafiti wa Ufaransa walikiingiza kiini chake kwa sindano, na uvimbe ukapungua. Lakini kilipotiwa kwanza katika asidi mfano wa ile ya tumboni, nguvu yake ilipotea. Mwaka 2000, huko huko Ufaransa, yalitangazwa majaribio ya miezi 4 kwa wagonjwa 122 wa goti na nyonga. Waliomeza unga wa mzizi huo walipata nafuu iliyokaribiana na ya wenzao waliopewa dawa ya hospitali. Hivyo shahidi yule yule, akihojiwa kwa njia mbalimbali, hutoa majibu mbalimbali, na hukumu ya haraka hupotosha.

Nchini Uganda kazi ya namna hii ina makao yake Wandegeya, Kampala, katika taasisi ya utafiti iliyo chini ya Wizara ya Afya. Mwaka 2019 ilipitishwa pia sheria ya tiba za jadi.

Kwa askari, jambo hili lina uzito wa pekee. Maumivu ni mlinzi wa zamu langoni, na kumnyamazisha mlinzi si kumfukuza adui. Mfupa uliopasuka ukifichwa na dawa, mwenye nao huendelea kuukanyaga mpaka alemae. Tena dawa ya mti ina kipimo na madhara yake: mwenye vidonda vya tumbo huonywa asitumie mzizi ule wa Kalahari. Yampasa askari amweleze mganga wa kikosi kila anachokunywa, pasipo kuona haya. Mzee ajuaye miti naye astahiwe, na elimu yake ipelekwe ikapimwe. Bunduki hujaribiwa uwanjani kabla ya kwenda nayo vitani; dawa nayo haistahili pungufu ya hapo.