Kijana wa Hoki ya Barafuni: Afuate Njia Ipi?

Leo nawapeleka mbali kidogo na viwanja vyetu vya vumbi, hadi nchi ambako maziwa huganda wakati wa baridi, watoto wakayageuza viwanja vya kuchezea. Nchi hiyo ni Kanada, na mchezo wenyewe ni hoki ya barafuni. Msicheke! Hata hapa Nairobi kiwanja cha barafu kilifunguliwa mwaka wa 2005 katika hoteli ya Panari, na humo ndimo ilimozaliwa timu ya Kenya iitwayo Ice Lions. Mwaka wa 2018 wachezaji wa timu hiyo walialikwa Kanada, wakateleza bega kwa bega na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wakubwa wa mchezo huo. Kwa hivyo mambo haya si ya mwezini.

Kwa asiyeujua mchezo huu, nitaeleza kwa ufupi. Kila timu huwa na watu sita barafuni, golikipa akiwa mmoja wao. Huvaa viatu vyenye makali chini na kusukuma kwa magongo kisahani cheusi cha mpira mgumu. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20 kila kimoja. Kazi yenyewe ni ngumu hivi kwamba mchezaji hukaa barafuni kama dakika moja tu au chini ya hapo, kisha hutoka apumue na mwenzake akaingia. Kumbuka jambo hili, maana litatufaa mbele: katika dakika hizo 60, kijana mmoja anaweza kupewa dakika 20, na mwingine akapewa tano huku akipasha benchi moto.

Sasa tuje kwenye swali letu. Tuchukue kijana wa miaka 15 katika mkoa wa Saskatchewan. Ana kipaji, kila mtu anakiona. Wasaka vipaji wamekwisha kumpigia baba simu. Timu moja inamtaka ahame nyumbani mara moja akachezee ligi kubwa ya vijana. Chuo kikuu kimoja cha Marekani nacho kinasema, "Subiri kidogo, kuna nafasi yako hapa." Mama anauliza habari za masomo. Je, kijana huyu ashike njia ipi? Akikosea, anaweza kupoteza mchezo, masomo, au vyote viwili.

Kabla ya kumjibu, tutazame alikotoka. Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi, lakini wazazi wengine humkunja samaki mpaka akavunjika. Kanada huwagawa watoto wa hoki kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia tarehe 1 Januari. Aliyezaliwa Januari hucheza kundi moja na aliyezaliwa Desemba, ambaye ni mdogo kwa karibu mwaka mzima. Mwaka wa 1985 mtaalamu Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba katika timu bora za vijana waliozaliwa miezi ya mwanzo walikuwa wengi mno kuliko wa miezi ya mwisho. Kwani Mungu hugawa vipaji Januari peke yake? La! Yule wa Januari alikuwa mkubwa wa mwili tu, kocha akamchagua, akapata mazoezi zaidi, na pengo likazidi kupanuka. Funzo hapa ni kwamba mtoto anayeachwa nje akiwa na miaka 10 si lazima awe hana kitu. Huenda bado anakua.

Aidha, kuna suala la kugongana. Katika hoki inaruhusiwa kumgonga kwa mwili mwenye kisahani, na hapo ndipo watoto huumia vichwa. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 2013 chama cha hoki cha Kanada kilipiga marufuku kugongana kwa watoto wa miaka 11 na 12. Marekani nako walikuwa wameanzisha mwongozo mpya mwaka wa 2009: watoto wadogo wacheze katika vipande vidogo vya uwanja ili kila mmoja akiguse kisahani mara nyingi, na wacheze michezo mingine pia. Haraka haraka haina baraka.

Haya, sasa kijana wetu amefika njia panda. Njia ya kwanza ni ile ya CHL, yaani muungano wa ligi tatu kubwa za vijana: ya Ontario, ya Quebec na ya magharibi. Timu hizo huwateua vijana wakiwa na miaka 14 au 15, na wengi huanza kucheza wakiwa na miaka 16. Connor McDavid alipewa kibali maalumu cha kuingia ligi ya Ontario mwaka wa 2012 akiwa na miaka 15, na mwaka wa 2015 akawa wa kwanza kuchaguliwa na timu za NHL, ligi kuu ya kulipwa. Njia hii imewatoa wengi. Katika ligi za Ontario na magharibi mtu hucheza mechi 68 kwa msimu, bila kuhesabu zile za mtoano. Kwa hivyo, anayetaka kuzoea maisha ya mchezaji wa kulipwa atayaonja mapema.

Lakini si mchezo. Kijana huhamia mji wa mbali na kuishi na familia ya watu asiowajua, ambayo humpokea kama mtoto wao. Ligi ya magharibi imetanda kutoka Manitoba hadi pwani ya Pasifiki, tena ina timu hata katika majimbo ya Washington na Oregon kule Marekani. Safari ni za basi, usiku kucha, na kesho yake kuna hesabu na sayansi darasani. Ni kweli kwamba kwa kila msimu anaocheza, kwa kawaida huwekewa karo ya mwaka mmoja wa masomo ya juu. Hata hivyo, ahadi hiyo ina masharti na muda wake, kwa hivyo mzazi asiyesoma mkataba mpaka mstari wa mwisho atakuja kujilaumu.

Njia ya pili ni vyuo vikuu vya Marekani, ambavyo michezo yake husimamiwa na NCAA. Jina hili si geni kwetu Wakenya tupendao riadha. Marehemu Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington alipovunja rekodi nne za dunia katika siku 81 mwaka wa 1978. Katika hoki, vyuo hucheza mechi chache, kama 34 katika msimu wa kawaida, nyingi zikiwa Ijumaa na Jumamosi. Siku nyingine ni za darasa, mazoezi na kujenga misuli. Njia hii humfaa kijana ambaye mwili wake umechelewa kukomaa, maana anapewa muda. Ugumu wake ni kwamba kijana wa miaka 18 hukutana na wanaume wa miaka 22 au 23, na asipokuwa tayari atakaa benchi mwaka mzima.

Mfano mzuri ni Cale Makar. Hakupitia CHL. Alichezea timu ya Brooks katika ligi ndogo zaidi ya mkoa wa Alberta. Mwaka wa 2017 Colorado ilimchagua wa nne katika uteuzi wa NHL, lakini yeye akaenda Chuo Kikuu cha Massachusetts kwa miaka miwili. Mwaka wa 2019 alipata tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na mwaka wa 2022 akatwaa Kombe la Stanley na kutangazwa mchezaji bora wa mtoano. Je, kuchelewa kulimdhuru? Jibu mwenyewe. Martin St. Louis naye alikuwa mfupi kuliko wenzake, na hakuna timu ya NHL iliyomteua. Alisoma Chuo Kikuu cha Vermont, akavumilia, na mwaka wa 2004 akatwaa kombe hilo hilo na tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi katika ligi.

Kwa miaka mingi njia hizi mbili zilitenganishwa na ukuta. Aliyecheza CHL alifungiwa mlango wa NCAA, kwa kuwa wachezaji wa CHL hupewa posho na baadhi yao wamekwisha kutia sahihi mikataba ya NHL, hivyo walihesabiwa kuwa wa kulipwa. Hebu fikiria, mtoto wa miaka 16 aliamua jambo lisiloweza kurudishwa nyuma! Ukuta huo ulibomoka juzi juzi tu. Mnamo Novemba 2024 NCAA ilipiga kura kuiondoa sheria hiyo, na mabadiliko yakaanza tarehe 1 Agosti 2025. Mwaka huo huo Gavin McKenna, kijana wa kutoka Yukon aliyetamba na timu ya Medicine Hat katika ligi ya magharibi, alijiunga na Chuo Kikuu cha Penn State. Sasa kijana anaweza kucheza CHL kwanza, kisha akaingia chuo. Fauka ya hayo, ushindani wa nafasi vyuoni umeongezeka, kwa hivyo mlango kuwa wazi si sawa na kupata kiti ndani.

Njia ya tatu ni ya wachache: Ulaya. Auston Matthews, aliyelelewa Arizona kwenye joto na jangwa, alizaliwa tarehe 17 Septemba 1997. Ili kuteuliwa mwaka wa 2015 ilimpasa awe ametimiza miaka 18 kufikia tarehe 15 Septemba. Alichelewa kwa siku mbili tu! Badala ya kulia, alikwenda Zürich, Uswisi, akacheza msimu mmoja na watu wazima wanaolipwa. Mwaka wa 2016 akateuliwa wa kwanza, na katika mechi yake ya kwanza ya NHL alifunga mabao manne.

Basi tumshauri nini kijana wetu wa Saskatchewan? Mimi naona asichague jina la timu wala jezi inayong'aa. Achague mahali atakapocheza, atakapokua na atakapoendelea kusoma. Wazazi wamwulize kocha bila haya: Mtoto wetu atapewa dakika ngapi barafuni? Nani wengine wanacheza nafasi yake? Akiumia, nani atamtibu? Masomo yake yatasimamiwa na nani? Aliye mkubwa wa mwili na tayari kiakili, kama McDavid, aende CHL mapema. Aliye mwembamba, anayekua polepole, asione aibu kubaki nyumbani mwaka mmoja au miwili katika ligi ndogo ambako atacheza dakika 20, kuliko kukimbilia ligi kubwa akapewa tano. Mwenda pole hajikwai. Kijana hawezi kujifunza kucheza akiwa amekaa kitako.

Mwisho kabisa, tufanye hesabu. NHL ina timu 32, na uteuzi una raundi saba. Hizo ni nafasi takriban 224 kwa mwaka, nazo hugombewa na vijana wa Kanada, Marekani, Uswidi, Ufini, Urusi na kwingineko. Wengi wa wanaoteuliwa hawadumu katika ligi hiyo. Ndiyo maana yule mama aliyeuliza habari za masomo hakuuliza upuzi. Goti likivunjika, cheti hakivunjiki pamoja nalo.

Nawe mwanafunzi mwenzangu unayetamba kwa soka, voliboli au mbio, maswali hayo ya dakika, mwili na masomo yanakuhusu pia. Siku atakapokuja mtu na karatasi ya kutia sahihi, mwite mzazi, mwite mwalimu, kaeni chini muisome pamoja. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa haya machache naiweka kalamu yangu chini. Kiswahili kitukuzwe!