Seva za Kondoa: swali la kwanza ni saa ngapi

Kondoa ina wateja wa teknolojia wengi kuliko wanavyodhani wauzaji wa seva walioko Dar es Salaam. Zipo halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya, na kila moja inakusanya ushuru kwa mashine za POS na kutoa namba za malipo za serikali. Ipo hospitali, vipo vituo vya afya, SACCOS, mawakala wa benki na shule. Vipo vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, ambavyo wakulima wake wa mbaazi na ufuta wamezoea sasa kusikia habari za stakabadhi ghalani na minada inayoendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kila mmoja kati ya hawa ana kompyuta fulani mahali fulani ambayo ikizima, kazi inasimama na watu wanajaa kwenye benchi.

Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipofunguliwa rasmi mwaka 2018, vifaa vinafika Kondoa bila shida. Lori linatoka Dodoma asubuhi, kilomita zipatazo 160, na mchana mzigo unashushwa. Ushauri ndio unaochelewa. Mteja anauliziwa bajeti yake, anapewa orodha ya seva zilizopo ghalani, kisha anaambiwa huo ndio usanifu. Hakuna anayemuuliza jambo la msingi kuliko yote: mfumo huu ukizima, unaweza kuvumilia saa ngapi? Na ukirudi, uko tayari kupoteza kazi ya saa ngapi?

Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayopanga bei. Chama cha akiba kinachofunga hesabu jioni kinaweza kukaa nusu siku bila mfumo na kuandika kwa mkono, ila hakiwezi kupoteza hata muamala mmoja. Hospitali iko kinyume chake kwa upande mmoja: wodi ya wazazi haisubiri nusu siku. Ofisi ya ardhi inaweza kulala bila mfumo hadi kesho bila mtu kuumia. Ukiwauzia wote watatu mtambo uleule, mmoja amelipia asichohitaji na mwingine amenunua hatari.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Badala ya kununua seva moja kwa kila mfumo na kuiacha ikifanya kazi kwa sehemu ndogo ya uwezo wake, unanunua seva chache zenye nguvu, unaweka programu inayoitwa haipavaiza, na kila moja inagawanywa kuwa mashine pepe kadhaa. Kila mashine pepe inajiona ni kompyuta kamili, yenye mfumo endeshi wake na diski yake. IBM walikuwa wakifanya hivyo kwenye kompyuta zao kubwa tangu miaka ya 1960. VMware, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1998, ndiyo iliyoufikisha utaratibu huu kwenye seva za kawaida. Faida yake kubwa kwa mji kama Kondoa ni kwamba mashine pepe inahamishika. Chuma kikifa, mashine pepe inawashwa kwenye chuma kingine baada ya dakika chache, badala ya kusubiri spea kutoka Dubai.

Tuchukue mfano wa hospitali ya kiasi, na hesabu zake niziweke wazi kwa sababu wauzaji wengi huzificha. Tuseme ina mashine pepe 14: mfumo wa wagonjwa, maabara, picha za eksirei, famasia, hesabu, na nyingine ndogondogo. Zote kwa pamoja zinataka ramu gigabaiti 200. Seva tatu zenye gigabaiti 128 kila moja zinatoa 384, na mteja anaona amebakiwa na nafasi tele. Lakini hesabu halali hufanywa seva moja ikiwa imekufa. Zinabaki mbili, yaani 256. Haipavaiza na kazi za uhifadhi zikichukua, tuseme, 10 kwenye kila seva, zinabaki 236. Mashine zote 14 zinaingia, na nafasi ya kukua ni gigabaiti 36 tu. Hicho ndicho mteja alichonunua kwa kweli. Nguvu ya prosesa unaweza kuigawa kwa wengi kuliko iliyopo, kwa kuwa mashine pepe hazifanyi kazi nzito kwa wakati mmoja. Kwenye ramu usithubutu.

Diski nazo zina hesabu yake. Kila seva ikiwa na terabaiti 6, jumla ni 18. Mfumo wa kuhifadhi unaoweka nakala tatu, moja kwenye kila seva, unamwachia mteja terabaiti 6 za kutumia, na mhandisi makini hatazijaza kupita asilimia 80, kwa hiyo ni 4.8. Nimeona nyaraka za zabuni ambamo mteja ameandika anataka "terabaiti 18" bila kusema kama ni kabla au baada ya nakala. Mzabuni wa bei ya chini atasoma kwa namna inayompendeza, na sheria itakuwa upande wake.

Kwa nini seva tatu, wakati mbili ni nafuu? Hapa ndipo miradi midogo inapoharibika. Seva mbili zinazolindana huulizana kila sekunde kama mwenzake yu hai. Siku kebo inayoziunganisha ikichomoka, kila moja inaamini mwenzake amekufa, inawasha mashine pepe zilezile, na zote mbili zinaanza kuandika kumbukumbu tofauti za wagonjwa walewale. Kuzirudisha pamoja ni kazi ya wiki nzima, na mara nyingine haiwezekani. Zikiwa tatu, uamuzi ni wa wengi: mbili zinazoonana zinaendelea, iliyobaki peke yake inajizima. Mteja asiye na fedha ya seva ya tatu anaweza kuweka kompyuta ndogo ya bei rahisi kama shahidi wa kupiga kura tu. Lakini lazima iwepo, na lazima iandikwe kwenye mkataba, maana kifaa kidogo namna hiyo ndicho cha kwanza kukatwa bajeti inapobana.

Umeme. Seva tatu, swichi na vifaa vya uhifadhi vya ukubwa huo vinaweza kula kilowati 1.6 hivi. Umeme wote huo unageuka joto ndani ya chumba, karibu BTU 5,500 kwa saa, kwa hiyo kiyoyozi kimoja cha BTU 12,000 kinatosha na cha pili kinakuwa akiba, vikipokezana. Hadi hapo kila mtu anakubaliana. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kwamba UPS inabeba seva lakini haibebi kiyoyozi. TANESCO wakikata, seva zinaendelea kuunguruma, chumba kimefungwa, na joto linapanda dakika kwa dakika hadi jenereta iwake. Jenereta isipowaka, seva zinajizima kwa joto hata kabla betri haijaisha. Kondoa iko juu, mita zipatazo 1,400 kutoka usawa wa bahari, na jenereta ya dizeli isiyo na tabo inapoteza sehemu ya nguvu yake kwenye hewa nyepesi; iliyopimwa Dar es Salaam haitatoa kiasi kilekile huku. Halafu lipo vumbi jekundu la kiangazi, linaloziba vichujio na kukaa juu ya mapezi ya kupoza prosesa. Kwenye zabuni, kusafisha vichujio hakuandikwi kabisa, kana kwamba chumba kipo Oslo.

Wengine wanasema yote haya hayana haja: weka kila kitu Dar es Salaam, kwenye Kituo cha Taifa cha Data kilichopo Kijitonyama kinachoendeshwa na TTCL, au kwenye vituo vya watu binafsi, ukodi mashine pepe na kulipa kwa mwezi. Kwa wateja wengi huo ni ushauri mzuri, na kwa taasisi za serikali njia imekwisha kuchorwa. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, kazi ya kusimamia miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma, na mifumo mikubwa kama ule wa malipo ya serikali, GePG, ni ya pamoja. Halmashauri haina sababu ya kujijengea mfumo wa malipo wa kwake.

Umbali wenyewe si tatizo. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo unakwenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Kondoa hadi Dar es Salaam na kurudi ni milisekunde chache, na hata vifaa vya njiani vikiongeza zake, karani hatahisi. Tatizo ni kukatika. Mkongo unafuata barabara, na barabara za nyanda za kati zinapita juu ya makorongo yanayokauka miezi mingi kisha yanajaa kwa usiku mmoja. Greda linachimba mtaro, nyuzi zinakatika. Kwa hiyo ninaloshauri kwa hospitali ni mchanganyiko: yanayohusu mgonjwa aliye kitandani yabaki Kondoa, nakala ziende Dodoma au Dar es Salaam kila usiku.

Na hapo pia hesabu ifanywe mapema. Hospitali yenye data ya terabaiti 3 na laini ya megabiti 20 kwa sekunde inaweza kutuma mabadiliko ya siku, tuseme gigabaiti 20, kwa saa mbili na robo hivi. Usiku unatosha. Lakini siku seva zote zikiungua na hospitali ikataka kuvuta terabaiti zote 3 kwa laini ileile, itachukua siku 14. Mteja aliyesema anavumilia saa nne anagundua kwamba alinunua wiki mbili. Suluhisho lipo na si la gharama kubwa: nakala ya pili ikae kwenye jengo lingine hapohapo mjini, na mkataba na kituo cha mbali useme kwamba diski iliyofungwa kwa nenosiri itapakiwa kwenye basi la siku hiyohiyo. Basi la Dodoma hadi Kondoa, kwa data nyingi, linaushinda mkongo kwa mbali.

Wanaohifadhi nje ya nchi wana funzo lao la karibu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ya Tanzania ikayumba kwa siku kadhaa. Mfumo uliokuwa kwenye kituo cha ndani haukuhitaji kuvuka bahari. Juu ya hilo ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, yenye masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya mipaka. Kumbukumbu za wagonjwa ni taarifa nyeti, na mhandisi asiyemuuliza mteja kuhusu sheria hii hajamaliza kuuliza.

Gharama iliyobadilika ghafla kuliko zote ni leseni. Novemba 2023 Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware, na ndani ya wiki chache ikaacha kuuza leseni za kudumu. Sasa ni malipo ya muda, na kila prosesa inahesabiwa kuwa na koa, yaani viini vya kuchakata, zisizopungua 16 hata kama ina 8. Fikiria seva tatu zenye prosesa mbilimbili: unalipia koa 96. Ukichagua seva hizohizo zenye prosesa moja ya koa 16, unalipia 48. Uamuzi wa fundi kwenye karatasi ya vipimo unapunguza nusu ya deni la kila mwaka, na bado wapo wanaonakili vipimo vya miaka 10 iliyopita. Mzabuni naye amebanwa: tangu Machi 2025 bei za ndani zinatakiwa kutajwa kwa shilingi, wakati yeye leseni anailipia kwa dola. Hatari ya sarafu anaiweka ndani ya bei, na mteja ndiye anayeibeba.

Ndiyo maana Proxmox ya Vienna, inayotumia KVM iliyoingizwa ndani ya Linux mwaka 2007, inazungumzwa sana na vijana wanaotoka ndaki ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Leseni yake ni bure, msaada unalipiwa kwa hiari. Nawaunga mkono, kwa sharti moja: mteja awe na watu wawili wanaoijua. Afisa TEHAMA mmoja tu, naye akihamishwa Februari, ni hatari kubwa kuliko diski mbovu.

Mteja kuulizwa kwanza si jambo dogo, na Kondoa ina kumbukumbu yake ya mipango ya wataalamu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye maeneo yaliyomomonyoka. Miti na nyasi zilirudi kweli, na mpaka leo vilima vya Irangi vinaonyesha hivyo. Lakini swali la maziwa ya watoto na samadi ya shamba halikuwa na jibu hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe wa kulishwa zizini waliporuhusiwa. Mpango ulikuwa mzuri kwa udongo. Wenye mahitaji waliulizwa baadaye.

Kwa hiyo, kwa halmashauri inayoandaa zabuni mwaka huu kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi, au chama kinachoandaa yake, ukurasa wa kwanza wa vipimo usitaje seva hata moja. Utaje mifumo kwa majina, saa ambazo kila mmoja unaweza kuzima, kazi kiasi gani inaweza kupotea, watumiaji wangapi leo na baada ya miaka mitatu, na nani atakuwa na ufunguo wa chumba. Mzabuni ndiye aonyeshe kwa hesabu jinsi vifaa vyake vinavyotimiza hayo seva moja ikiwa imezimwa. Na malipo ya mwisho, tuseme asilimia 20, yasitoke hadi siku ya majaribio: mteja achague mwenyewe seva ya kuchomoa waya, mchana wa kazi, kisha aombe faili la mgonjwa wa wiki iliyopita lirudishwe kutoka kwenye nakala ya mbali, huku mhasibu akishika saa.