Usiisingizie Shata

Kijana aliyeniletea kamera Ijumaa jioni hapa Suneka alikuwa ameizungushia leso mara mbili, kama aliyebeba kifaranga mgonjwa. "Fundi, shata imekufa," alisema, ndipo akakumbuka kunisalimu. Kesho yake alikuwa na harusi. Fundi aliyempitia kwanza alimtajia gharama ya shata mpya, na gharama hiyo ilikaribia bei ya bodi nyingine ya mtumba, yaani kamera bila lenzi. Nikaiwasha, nikabonyeza. Skrini ikaandika Err 01.

Katika kamera za Canon, Err 01 haihusu shata. Maana yake ni kwamba bodi imeiuliza lenzi jambo na lenzi haikujibu. Mara nyingi kosa ni vile vidoti vya dhahabu vilivyo nyuma ya lenzi, vimeshika uchafu. Kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, au chenye tone la alkoholi ya isopropili, kinatosha. Wapo wanaosugua kwa raba ya penseli. Mimi siipendi: inasafisha kweli, lakini makombo yake huishia ndani ya bodi. Nikafuta, nikarudisha lenzi, nikabonyeza. Err 01 tena.

Hapo nikafanya jaribio ambalo ningependa kila mwenye lenzi ya 18-55 alijue. Nilizungusha kidude cha juu hadi Av, nikairudisha lenzi kwenye 18, nikaweka tundu f/3.5. Kamera ikapiga. Nikapiga ishirini mfululizo, kijana akihesabu kwa sauti. Nikahamisha tundu hadi f/8: kioo cha ndani kikaruka, skrini ikaandika Err 01.

Sababu yake haina uchawi. Kwenye f/3.5 tundu la lenzi tayari liko wazi kabisa, kwa hiyo hakuna kinachotakiwa kusogea. Kwenye f/8 vibamba vidogo ndani ya lenzi vinapaswa kujikunja ili tundu lipungue, na umeme wa kuvisogeza hupita katika utepe mwembamba kama ganda la kitunguu. Utepe huo hujikunja kila unapovuta na kurudisha lenzi. Baada ya miaka ya harusi, matanga na sherehe za shule, hukatika. Bodi inatoa amri, vibamba havisogei, na bodi inakataa kuendelea. Kilichoharibika kilikuwa utepe, ndani ya lenzi. Shata ilikuwa ikisubiri kazi.

Ndiyo maana nawaambia wateja wausome ujumbe wa kamera kama unavyomsikiliza mtoto anayelia. Unakuonyesha panapouma, na panapouma huenda si palipoumia. Canon hutumia Err 02 kwa shida ya kadi, Err 20 kwa mitambo na Err 30 kwa shata yenyewe. Bodi zake za zamani zilikuwa na Err 99, gunia ambamo kila kosa lisilo na jina lilitupwa. Nikon wana F-- bodi isipoitambua lenzi, na fEE pale pete ya tundu kwenye lenzi ya zamani haijafungwa kwenye namba yake ya mwisho. Wengi humkimbilia fundi kwa fEE, dawa yake ikiwa ni kuzungusha pete kwa vidole viwili.

Hata Err 20 na Err 30 usiziamini kabla ya kubadilisha betri. Shata na kioo hudai umeme mwingi kwa nukta moja, na betri bandia iliyochoka itaonyesha imejaa kisha ilegee pale pale unapobonyeza. Kadi nayo ina mambo yake. Kile kifuli kidogo cha pembeni kikiteleza, kamera hugoma kuandika. Kadi za zaidi ya GB 32 ni za aina ya SDXC, iliyotangazwa mwaka 2009, na bodi nyingi za kabla ya hapo hazizielewi.

Sasa shata yenyewe. Ni mapazia mawili ya vibamba vyembamba kama wembe, mbele ya sensa. La kwanza hufunguka, la pili hufuata kufunga. Kwa kasi ya 1/200, la kwanza humaliza safari kabla ya la pili kuanza, na sensa nzima huwa wazi kwa kitambo. Ukifika 1/4000, la pili huanza kulikimbiza la kwanza mapema sana, na kinachopita juu ya sensa ni ufa wa milimita moja au mbili tu. Safari nzima, kutoka ukingo hadi ukingo, haifiki hata sehemu moja ya mia ya sekunde.

Kwa hiyo shata inayougua hujitaja kwenye picha. Toka nje mchana, tafuta ukuta mweupe ulio kivulini, upige kwa 1/200, 1/1000 na 1/4000, ukibadilisha ISO ili mwanga ubaki uleule. Zikifanana, shata ni nzima. Ile ya 1/4000 ikiwa na upande mmoja wenye giza, mapazia hayakimbii tena kwa mwendo mmoja. Mwambaa mweusi ukirudi mahali palepale katika picha zote tatu, kuna kibamba kimetoka kwenye reli yake. Weka betri iliyojaa, toa lenzi, chagua menyu ya kusafisha sensa kwa mkono: kioo kitainuka, mapazia yatafunguka, na kibamba kilichopinda utakiona kama kipande cha dirisha la luva kilichong'oka. Usikiguse.

Jaribio hilo lifanyie nje kweli. Ndani ya kanisa lenye taa za mirija, au balbu za LED za bei rahisi, utapata miambaa hata kamera ikiwa mpya. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa hizo hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde, na shata ya kasi hunasa nusu ya kufifia. Rudi 1/100 au 1/50, miambaa itapotea. Vivyo hivyo kwa flashi: bodi nyingi huishia 1/200 au 1/250, na ukizidisha hapo pazia la pili litaikuta flashi likiwa njiani. Nimeona mtu akiuza bodi nzima kwa hasara kwa sababu hiyo.

Adui wa kweli wa shata huku kwetu ni vumbi. Wapiga picha wanaokwenda Tabaka kuwapiga wachongaji wa mawe ya sabuni wanajua ninachosema: jiwe lile ni laini, na unga wake huelea kama poda ya mtoto. Ukibadilisha lenzi pale kando ya msasa, umeukaribisha ndani. Halafu ndipo makosa makubwa hufanyika. Mmoja alipeleka bodi yake kwa fundi wa pancha ipulizwe kwa kompresa. Upepo ule una maji na nguvu ya kupindua vibamba. Mwingine alitia tone la mafuta ya cherehani. Mafuta na vumbi hufanya gundi, na vibamba vikishikana hakuna wa kuviachanisha. Kipulizio cha mpira, bodi ikitazama chini, ndicho pekee nikiruhusucho.

Na usifungue bodi mwenyewe. Kapasita ya flashi ya ndani hubaki na takriban volti 300 hata betri ikiwa mezani.

Shata huchakaa, hilo sikatai. Watengenezaji huzipima: Canon 6D mara 100,000, Nikon D750 mara 150,000. Anayepiga picha 1,500 kila Jumamosi hufikisha 78,000 kwa mwaka, kwa hiyo ukinunua mtumba uliza hesabu ya shata kabla ya kuuliza bei. Tena kuna shata zinazotoka kiwandani na kasoro. Nikon D600 ya mwaka 2012 ilichafua sensa kiasi kwamba Februari 2014 kampuni ilijitolea kusafisha na kubadilisha shata bila malipo.

Kijana wangu aliipiga harusi yote tundu likiwa wazi kabisa, kila alipovuta lenzi. Utepe ulikuja kwa matatu kutoka Nairobi ndani ya bahasha ya barua, nikautia, nikaweka f/8. Ikapiga. Kisha nikaiunganisha na kompyuta nisome shata ile iliyotangazwa kufa: ilikuwa haijafika hata 40,000.