Vifo vya Viwavi Katika Ufugaji wa Vipepeo

Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi za uwanda wa juu wa Ufipa zingali mbichi, kipepeo mmoja wa rangi ya machungwa huonekana akiruka polepole kando ya mashamba na njia za Sumbawanga. Ncha za mabawa yake ya mbele ni nyeusi zenye madoa meupe. Wataalamu humwita Danaus chrysippus. Ni ndugu wa karibu wa kipepeo mashuhuri wa Marekani, Danaus plexippus, ambaye husafiri kila mwaka hadi milima ya Meksiko kukimbia majira ya baridi. Mwendo wake wa pole una sababu. Viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, na mara nyingi sumu ya utomvu huo hubaki mwilini hadi utu uzima, hata ndege wakajifunza kumwepuka.

Kwa somo la baiolojia mdudu huyu ana manufaa makubwa. Mimea aipendayo, ya jenasi ya Gomphocarpus, huota yenyewe katika mashamba yaliyolala, nayo hutambulikana kwa matunda yaliyofura kama vibofu vyenye vinywele laini. Wanafunzi huweza kumwona akipita kutoka yai hadi kiwavi mwenye milia, kutoka kiwavi hadi pupa, na kutoka pupa hadi kipepeo, yote hayo katika muhula mmoja. Anayechuma majani hana budi kunawa mikono kwa sabuni, maana utomvu huo ukiingia jichoni hudhuru vibaya.

Hata hivyo, ufugaji mwingi wa darasani huharibika katikati. Viwavi waliokuwa wakila vizuri huacha kula, hulegea, na kufa mmoja baada ya mwingine. Lawama hutupiwa baridi. Boksi hupanguswa, viwavi wengine huletwa, nao hufa vivyo hivyo. Ni kweli kwamba Sumbawanga, iliyo kwenye kimo cha mita 1,800 hivi, ina usiku wa baridi kali mwezi Juni na Julai. Lakini baridi peke yake kwa kawaida huchelewesha tu ukuaji. Chanzo cha vifo hutafutwa katika mizoga yenyewe, kwa kuwa kila ugonjwa huua kwa namna yake.

Mkulima aliyewahi kuvamiwa na viwavijeshi huenda ameuona ugonjwa wa virusi bila kuujua jina. Viwavijeshi wagonjwa hupanda juu ya jani la hindi, wakafa wakining'inia, na ngozi ikapasuka na kutoa maji meusi. Watafiti nchini Tanzania wamewahi kuvijaribu virusi hivyo mashambani kama dawa badala ya sumu za viwandani. Virusi vya jamii hiyo aghalabu huwa na mdudu wao maalumu, kwa hiyo vile vya viwavijeshi si tishio kwa vipepeo. Lakini viwavi wa vipepeo nao wana vya kwao, na dalili hufanana. Tone moja la maji hayo juu ya jani latosha kuambukiza boksi zima.

Kiwavi aliyeuawa na bakteria hulainika, huharisha na kunuka vibaya. Aliyeuawa na kuvu, kinyume chake, hukauka akawa mgumu kama kijiti, kisha hufunikwa na unga mweupe. Ugonjwa kama huo wa viwavi wa hariri ndio uliomwezesha Agostino Bassi wa Italia, mwaka 1835, kuthibitisha kwamba kiumbe kisichoonekana kwa macho chaweza kumletea mnyama maradhi. Bakteria na kuvu hupenda unyevu, na hapa ndipo baridi ya Ufipa inapohusika kweli: chupa iliyofunikwa kwa kifuniko huamkia asubuhi ikiwa imejaa matone ya maji ndani. Kitambaa chepesi kifungwe mahali pa kifuniko.

Viwavi wengi wakifa kwa siku moja huku wakitetemeka na kutapika maji ya kijani, majani yachunguzwe kwanza. Pengine yalichumwa karibu na shamba lililonyunyiziwa dawa. Funza akitoka katika kiwavi au pupa, huyo ni mtoto wa nzi aliyetaga juu ya kiwavi porini. Afadhali kuokota mayai kuliko viwavi wakubwa.

Ugonjwa uliochunguzwa zaidi kwa jamii hii ya vipepeo ni ule wa protozoa iitwayo Ophryocystis elektroscirrha, iliyoelezwa kitaalamu mwaka 1970 kutokana na vipepeo wa Florida. Kiwavi humeza spora zilizoachwa na mama juu ya yai au jani. Huendelea kula na kunenepa, na mfugaji hana habari. Pupa ndiyo huanza kuonyesha mabaka meusi kabla ya wakati wake. Kipepeo hutoka kwa shida, mabawa yamejikunja, au hutoka mzima wa sura lakini dhaifu na amejaa spora. Kipimo chake si kigumu: kipande cha selotepu hubanwa taratibu kwenye tumbo la kipepeo, kikabandikwa juu ya kioo na kutazamwa kwa hadubini ya shule. Vigamba huonekana kama vigae virefu, na spora kama vitone vidogo vyeusi katikati yake. Louis Pasteur aliwaokoa wafugaji wa hariri wa Ufaransa kwa njia ya namna hiyo katika miaka ya 1860, alipowafundisha kumpima mama kwa hadubini baada ya kutaga, na kuyatupa mayai ya mama mgonjwa.

Kipepeo mwenye spora asiachiliwe. Hutumbukizwa katika spiriti, na mizoga na majani yake huchomwa moto. Vyombo visafishwe kwa sabuni, viloweshwe saa nne katika maji yenye sehemu moja ya klorini ya kufulia kwa sehemu nne za maji, visuuzwe na kuanikwa juani. Kinyesi kiondolewe kila siku. Kinga iliyo bora kuliko zote haina gharama: viwavi wachache, kila mmoja au wawili katika chombo chao, ili mgonjwa asiwaangamize wenziwe.

Liko jambo moja ambalo mwalimu hana budi kulitofautisha na uchafu au uzembe. Huenda nusu ya mayai ya mama mmoja yasianguliwe, na vipepeo wote watakaopatikana wawe majike. Denis Owen aliona uzao wa namna hii nchini Uganda katika miaka ya 1960, na David Smith akauchunguza Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Mwaka 2000 wanasayansi walitangaza kwamba chanzo ni bakteria wa kundi la Spiroplasma, ambaye mama huwarithisha watoto kupitia yai. Huwaua madume wangali ndani ya yai, kwa sababu dume haliwezi kumrithisha mtu yeyote bakteria huyo. Majike huachwa hai, nao huwala ndugu zao wasioanguliwa.

Hakuna sabuni iondoayo hali hiyo, wala haihitaji kuondolewa, maana imetoka porini. Majike hayo yaachiliwe palepale mama yao alipokamatwa, yasipelekwe kwingine. Kuyatambua ni rahisi: jike lina madoa matatu meusi katikati ya bawa la nyuma, na dume lina la nne, kubwa zaidi, lenye weupe ndani. Kwa kila mama daftari la darasa liandikwe tarehe, mahali, rangi ya mabawa yake, idadi ya mayai, idadi ya yaliyoanguliwa, na hesabu ya madoa ya kila mtoto wake.