BAWASIRI: USIUFICHE UGONJWA HUU

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayeangalia afya ya nyumba yako, leo tunasema jambo ambalo wengi wanaona haya kulisema. Ni bawasiri, ugonjwa ambao kwetu watu wanauita hemoroidi. Mtu anaona damu chooni, ananyamaza. Anakwenda kazini, anakalia upande mmoja wa kiti, na hata bibi yake hajui. Haya hiyo haiponyeshi kitu.

BAWASIRI NI NINI?

Kila mtu, hata mzima, ana vifuko vidogo vya mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa. Vinasaidia kuifunga njia hiyo vizuri. Vikivimba na kulegea, hiyo ndiyo bawasiri. Ile ya ndani kwa kawaida haiumi; dalili yake ni damu nyekundu inayodondoka au kubaki kwenye karatasi, na pengine kinyama kinachotoka wakati wa haja. Ile ya nje huwasha, na damu ikiganda ndani yake, maumivu huwa makali kwa siku kadhaa.

INATOKA WAPI?

Inatoka kwa choo kigumu, kujikamua kwa nguvu, kukaa chooni muda mrefu, kuharisha siku nyingi, na kuinua mizigo mizito. Mama mwenye mimba naye huipata mara nyingi.

Mtazame shofa wa kamyo. Kutoka Beni mpaka Kasindi ni kilometa 80 hivi tu, lakini pale mpakani anaweza kungoja karatasi za forodha kutwa nzima katika joto la bonde la Semuliki. Anakunywa maji kidogo ili asishuke kila mara. Anakula mkate na chai. Haja ikimjia, anaizuia, maana choo cha pale hakimpendezi. Kesho yake choo ni kigumu kama jiwe. Na wewe unayeendesha masini mgodini au kupakia mizigo, je, hufanyi vivyo hivyo?

Ng'ambo ya mpaka, Uganda, alikuwako muganga mpasuaji mmoja, Denis Burkitt, aliyefanya kazi huko tangu 1946 mpaka 1966. Aliona kwamba wanavijiji waliokula vyakula vyenye makapi mengi hawakusumbuliwa sana na choo kigumu wala bawasiri, kama watu wa Ulaya waliokula mkate mweupe. Mwaka 1972 aliandika juu ya jambo hilo. Waganga wa leo wanajua kwamba chakula si sababu peke yake, lakini shauri la kula makapi bado wanalitoa kwanza.

DAWA ILIYO NYUMBANI

1. Kula maharagi, sombe, matembele, mahindi, maparachichi na mapapai. Bugali wa mihogo peke yake una makapi machache. Usile bila mboga ya kutosha. Ongeza vyakula hivi polepole, tumbo lisijae hewa.

2. Kunywa maji safi, kama lita 2 kwa siku, na zaidi kwenye joto. Shofa, beba kidumu chako. Bia haihesabiwi.

3. Haja ikija, nenda. Usikae chooni zaidi ya dakika 5, na telefoni ibaki nje. Haja isipotoka, ondoka, urudi baadaye.

4. Ukiinua mzigo, usizuie pumzi, itoe unapoinua. Mzigo mzito, ita mwenzako.

5. Kukiuma, kaa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa siku. Maji matupu yanatosha. Kisha jipanguse taratibu, bila kusugua.

Wengi wanaofuata mashauri haya wanapata nafuu baada ya majuma machache.

JIHADHARI NA BOMBA

Watu wengine wanajipiga bomba, yaani wanatia kwa njia ya nyuma maji ya pilipili, tangawizi au majani makali. Ndugu, usifanye hivyo, wala usimfanyie mtoto. Ngozi ya ndani ni laini: dawa kali huiunguza, na ncha ya mpira inaweza kuitoboa. Utomvu wa papai pia ni mkali. Papai bivu ni la kula, utomvu wake si wa kupaka kwenye kidonda.

LINI KUMWONA MUGANGA?

Si kila damu ni bawasiri. Inaweza kuwa kuhara damu, bilharzia, au hata kansa ya utumbo. Basi, mara ya kwanza ukiona damu, nenda dispanseri upimwe. Usikawie kabisa ikiwa damu ni nyingi, choo ni cheusi kama lami, una homa, umekonda, au choo chako kimebadilika kwa majuma mengi. Mwenye umri wa miaka 40 na zaidi asijiambie tu kwamba ni hemoroidi.

Tena, damu inayotoka kidogo kidogo kwa miezi humaliza nguvu mwilini. Mtu anapata kizunguzungu. Kizunguzungu juu ya ngazi ya mgodi, au kwenye usukani katika milima ya kwenda Butembo, kinaweza kuua mtu, tena pamoja na wenzake.

Muganga ameona wagonjwa wengi wa namna hii, hatakucheka. Bawasiri ikiwa kubwa, ana njia za kuitibu, kama kuifunga kwa kipete cha mpira. Si kila mgonjwa anapasuliwa.

Mama, ukimwona baba anakaa upande mmoja, muulize kwa upole. Nawe baba, mama akitoka kujifungua, muulize vilevile. Leo jioni tieni maharagi na mboga za majani chunguni, na mtungi wa maji safi uwe karibu na meza.