Kariakoo Inaishia Wapi?

Kwa muuza vitenge, Kariakoo inaanzia Mnazi Mmoja na kuendelea hadi msongamano unapopungua. Kwa serikali ni kata moja tu, jirani na Gerezani na Jangwani, na kila kata ina diwani na mtendaji wake.

Mistari ya mwanzo haikuchorwa kwa nia njema. Wajerumani walipanga eneo hilo kwa viwanja vilivyonyooka kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, wakawekwa hapo, jina likabaki. Mwaka 1924 mji ukagawanywa kanda tatu. Kanuni zilitaja aina ya nyumba, si rangi ya mtu, lakini matokeo yalijulikana: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo na Ilala. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kutenganisha Uhindini na Kariakoo. Anayeuvuka leo kutoka Kisutu anakatiza mpaka wa kibaguzi.

Baadaye ngazi za juu zilibadilika mara nyingi. Dar es Salaam ikawa manispaa mwaka 1949 na jiji tarehe 10 Desemba 1961. Sera ya madaraka mikoani ya 1972 ilileta kuvunjwa kwa halmashauri, ambazo mijini zilirudi 1978. Mwaka 2000 zikaundwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Na Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, Ilala, ilimo Kariakoo, ikapewa hadhi ya jiji.

Kwa mwananchi, ngazi inayomgusa kila siku ni mtaa. Anayetaka kufungua akaunti benki, kuomba kitambulisho cha taifa au kumdhamini nduguye polisi huambiwa alete barua ya utambulisho yenye picha yake, na muhuri wa serikali ya mtaa umegongwa nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi. Barua hiyo hutolewa mtu anakoishi. Mwenye duka Kariakoo anayelala Mbagala ataifuata Mbagala, hata kama duka lake lina miaka ishirini.

Wengi bado huanzia kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mfumo huo ulianzishwa na TANU miaka ya 1960, na tangu vyama vingi viruhusiwe mwaka 1992, mjumbe ni kiongozi wa chama, si wa serikali. Barua ni kazi ya ofisi ya mtaa.

Basi mpangaji anayehamia Gerezani au Jangwani aende mapema kujitambulisha kwenye ofisi hiyo. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano, mara ya mwisho tarehe 27 Novemba 2024, kwa orodha ya wapiga kura inayoandikwa mtaani humo humo.