Je, Wajua? Mtazame Samaki Kabla ya Kulipa

Je, wajua kwamba uhai wa samaki wa nyumbani uko mikononi mwa bakteria? Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye chujio huigeuza kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu, kisha wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo na huondoka ukibadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao huhitaji kama wiki nne hadi sita kujijenga. Ukinunua tangi na kulijaza samaki siku hiyohiyo, hata walio wazima kabisa wataugua.

Je, wajua kwamba duka ndipo mahali pa kumpima samaki afya, tena bila kifaa chochote? Simama kimya mbele ya tangi, hata robo saa. Mtazame anavyopumua: vifuniko vya matamvua vifunguke taratibu na kwa kipimo kimoja. Anayehema haraka juu ya maji, huku wenzake wametulia, ana shida. Mapezi yawe wazi. Aliyeyabana mwilini hajisikii vizuri. Tumbo lisiwe limebonyea. Anayejisugua kwenye mawe anawashwa, na mara nyingi ni vimelea. Ukiona vidoa vyeupe kama punje za chumvi kwenye mapezi, huo ni ugonjwa wa madoa meupe. Kimelea chake hujichimbia ndani ya ngozi, kikikomaa hujiachia na kugawanyika kuwa mamia ya vingine vinavyotafuta samaki mpya wa kumvamia. Kwa hiyo hata jirani yake asiye na doa usimnunue. Kumbuka pia kwamba katika maduka mengi matangi kadhaa hutumia chujio moja au wavu mmoja. Mwisho, mwombe muuzaji awatupie chakula kidogo mbele yako. Samaki mzima hakawii kukifuata, na muuzaji mwema hataona taabu kukuonyesha.

Je, wajua kwamba samaki wa kioo wenye mistari ya waridi au kijani inayong'aa huenda wamedungwa sindano ya rangi? Kwa asili mwanga hupenya miili yao hadi mifupa inaonekana. Rangi hiyo hufifia, lakini jeraha la sindano huwa limekwisha kufungua mlango wa maradhi. Huu ni ukatili, na njia ya kuukomesha ni kutowanunua.

Je, wajua kwamba neoni tetra hupauka gizani? Mstari wake wa buluu hurudi taa ikishawaka kwa muda. Usimdhanie mgonjwa asubuhi na mapema.

Gapi jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi. Ukimnunua peke yake, bado anaweza kukuzalia mara kadhaa.

Samaki wa dhahabu si wa maji ya joto, na akitunzwa vizuri hufika sentimita 20 au zaidi. Yule kambare mwenye magamba magumu anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole ili asafishe ukoga anaweza kupita sentimita 40. Swali la kwanza dukani liwe hili: akikua atakuwa mkubwa kiasi gani?

Je, wajua kwamba upweke huleta ugomvi? Samaki aina ya babu wenye milia, wakiwekwa wawili au watatu tu, huwatafuna wengine mapezi. Wakiwa wanane au kumi hufukuzana wao kwa wao na kuwaacha majirani. Neoni na koridora nao wawe sita au zaidi. Beta ni kinyume chake: madume wawili hupigana hadi kuumizana vibaya, na gapi mwenye mkia mrefu huweza kushambuliwa kwa kudhaniwa dume mwenzake. Thailand ilimtangaza beta kuwa mnyama wa majini wa taifa mwaka 2019.

Je, wajua kwamba baadhi ya samaki wanaotafutwa sana na wafugaji wa Ulaya na Marekani wanatoka kwetu? Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za jamii ya sato, nyingi zikiwa hazipatikani popote pengine, na tangu miaka ya 1970 zimekuwa zikisafirishwa kwa ndege kutoka Bujumbura. Ninayempenda kuliko wote ni Neolamprologus multifasciatus, asiyezidi urefu wa kidole gumba. Huishi ndani ya makombe matupu ya konokono, familia nzima mahali pamoja. Huchimba mchanga kwa mdomo hadi kombe lake likae anavyotaka, na jirani akisogea mno humtoa mbio, kisha kila mmoja hurudi mlangoni kwake. Tangi la sentimita 60 linatosha kundi dogo. Ila maji yake ni magumu, yenye pH ya 8 kwenda juu, hivyo usimchanganye na neoni wa Amazon anayetaka maji laini.

Ziwa hilohilo lina samaki waitwao Tropheus, na wa aina ya duboisi wakiwa wachanga ni weusi wenye nukta nyeupe za kupendeza. Wakikua nukta hupotea na ugomvi huzidi. Hawa si wa kuanzia.

Je, wajua kwamba mfugaji wa Dar es Salaam au Mombasa aghalabu hahitaji hita, lakini usiku wa Nairobi au Mbeya maji hushuka chini ya nyuzi 24 ambazo samaki wengi wa joto huzihitaji? Na umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria wa kwenye chujio hukosa oksijeni. Pampu ndogo ya hewa ya betri huwaokoa wao pamoja na samaki.

Ukifika nyumbani, uache mfuko wa samaki uelee tangini dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Mhamishe samaki kwa wavu, na maji ya duka yamwage nje. Tena ni bora wiki mbili hadi nne za kwanza akae kwenye tangi la pembeni, lenye chujio na wavu wake.